Redio ya Kiunoni

Mpaka leo nikimwona mwanaume amechomeka redio koli kiunoni, antena imesimama kama mkia wa ngiri anayekimbia, mate hunijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. Watu wa mjini Mpanda wanaweza kunishangaa. Kwao hiyo ni redio ya walinzi na askari, kitu cha kubonyeza na kuongea, basi. Kwangu mimi ina harufu, na harufu yenyewe nitaieleza.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki. Nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Tunatundika mizinga katika msitu ulio kati ya kijiji chetu na mashamba ya Mishamo, msitu wa miyombo na mininga, na mlima mmoja mrefu umelala katikati kama ng'ombe anayecheua. Simu hazishiki kule. Hata kijijini mtandao tunaupata kwa kusimama sehemu mbili tatu tunazozijua wenyewe: kona ya barabara, nyuma ya zahanati, na ukibahatika, karibu na kanisa. Zamani wanaume wetu walikuwa wakiingia msituni wawili wawili, wanakaa siku nne, siku tano, na sisi tuliobaki hatupati habari zao mpaka tuwaone wanarudi wananuka moshi.

Mume wangu alikuwa mmoja wao. Alipofariki, mdogo wake aliendelea kuilina mizinga yake pamoja na ya kwake. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Msimu ukifika namwona anaingia uani na ndoo mbili za asali, anaiweka moja chini na kusema, "Hii ya kaka, shemeji." Halafu anaondoka na ya kwake. Huyo shemeji yangu ndiye habari hii inamhusu, yeye na mwenyekiti wetu.

Redio zililetwa na mradi mmoja uliopita kwetu ukasaidia vikundi vya msituni. Zilikuwa nane, nyeusi, kila moja na chaja yake, zimo ndani ya maboksi yenye picha ya mzungu amesimama juu ya mlima mtupu usio na mti hata mmoja. Mwenyekiti alizipokea. Siku ya kuzigawa alivaa koti, akasimama mlangoni kwake, akamtuma mtu mpaka kanisani, wakaanza: "Moja mbili, moja mbili, unanipata?" "Nakupata, mwenyekiti!" Kutoka pale kwake mpaka kanisani ungeweza kumwita mtu kwa mdomo akaitika, lakini akina mama walipiga vigelegele, na mimi nilipiga.

Kisha akasoma maandishi ya kwenye boksi. Kilomita kumi, alisema, na zaidi. Halafu akatoa agizo ambalo niliandika kwa mkono wangu katika kitabu cha kikao.

"Kuanzia leo hakuna haja ya watu kwenda wawili wawili kama wachumba. Mtu mmoja na redio ni sawa na watu wawili. Kila mtu na njia yake, tutalina mizinga mara mbili."

Redio saba zilikwenda kwa walinaji. Ya nane, aliyosema ndiyo ya kituo, aliichukua yeye. Mtu yeyote akipata shida msituni atamwita mwenyekiti, na mwenyekiti ataita watu. Akaichomeka kiunoni palepale.

Baada ya safari ya kwanza shemeji alikuja kwangu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwenye kigoda, akaipapasa ile redio kama mtu anayepapasa kuku asiyetaga.

"Shemeji, hii kitu haifiki. Nikiwa bado upande wetu nampata, tena kwa shida. Nikikaribia mlima nasikia chwaaa tu. Nikivuka, ndiyo imekufa kabisa."

Nilimpelekea mwenyekiti habari hiyo. Alikuwa amekaa sebuleni kwake, nyumba nzuri kuliko zote kijijini, bati juu, madirisha ya chuma na wavu. Alinisikiliza huku anakata kucha.

"Hawajui kubonyeza," alisema. "Wale watu wa porini, katibu, wanabonyeza kama wanaminya chunusi. Waelekeze."

Nikarudi nyumbani. Sikuuliza tena. Nilikuwa na mahindi ya kupukuchua, na kubishana na mwenyekiti kwetu ni kazi ya mtu asiye na kazi. Nataka ijulikane kwamba nililijua jambo hili mapema, nikanyamaza.

Mwenyekiti naye alipata raha yake. Wakati huo walikuwapo watu wanaotengeneza barabara, na madereva wa magreda yao walikuwa wanasemezana kwa redio kama zetu. Mwenyekiti akizungusha chaneli kidogo aliwapata vizuri, kambi yao ilikuwa jirani tu. Walikuwa wakitukanana, wakisimuliana habari za wanawake wao, wakiimba. Ikawa burudani yake. Wageni wakija aliwawekea redio mezani kama watu wa mjini wanavyowasha televisheni, akawaambia, "Sikilizeni huyu mpumbavu wa greda." Wanacheka mpaka wanafuta machozi. Sisi wengine tuliona ni mzaha. Hakuna aliyesema: mzee, wakati unawasikiliza hao, wetu wanamwita nani?

Ulikuwa mwezi wa sita, msimu wa kulina. Shemeji aliingia msituni peke yake, mwenzake aliyezoea kwenda naye akatumwa njia nyingine. Siku ya pili asubuhi, kama saa tatu, alikuwa juu ya mninga, karibu na pengo la ule mlima, anateremsha mzinga wa gogo kwa kamba. Kamba ikakatika. Gogo lilimpiga begani, naye akaja nalo chini. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatoboa ngozi ukatokea nje. Mzinga ulipasuka ukamwagikia yeye: asali, masega, majana ya nyuki wasioota mabawa bado, nyuki wenye hasira.

Redio ilikuwa kwenye mfuko wa shati, haikuvunjika. Aliniambia baadaye kwamba alipoiona taa yake ndogo inawaka alimshukuru Mungu kwa sauti. Akabonyeza.

"Mwenyekiti, mwenyekiti, nimeanguka. Mwenyekiti, nimevunjika."

Aliita tangu saa tatu. Akiita anasubiri, akisubiri anasikia chwaaa, anaita tena. Nyuki walipotulia wakaja nzi. Nzi hawajamaliza, wakaja sisimizi, maana mtu mzima aliyepakwa asali ni karamu.

Mimi siku hiyo nilikuwa nyuma ya zahanati, nimefuata dawa ya kikohozi. Yapata saa nane simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke anayehema, Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, ya wale waliohamia Mishamo kutoka Burundi.

"Wewe ni shemeji ya mtu wa nyuki?"

"Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Mimi niko Mishamo, hunijui. Shemeji yako ameanguka mtini, mguu umevunjika, yuko kwenye pengo la mlima. Anasema ameita tangu saa tatu asubuhi. Amenisomea namba yako kwa redio. Fanyeni haraka, mama, sauti yake imeanza kuisha."

Nilikimbia kwa mwenyekiti. Si kwamba nilimtegemea yeye, ila pikipiki yenye nguvu ilikuwa yake, na redio ilikuwa yake. Nilifika pale sikupiga hata hodi. Walikuwa wanaume wanne sebuleni, sahani ya kuku wa kukaanga katikati, na redio imesimama kando ya sahani. Mtu wa greda alikuwa anaeleza jinsi alivyofumaniwa. Wanacheka.

Nikasema, "Shemeji ameanguka. Ameita tangu asubuhi. Mwenyekiti, ameita tangu saa tatu."

Kicheko kikakatika. Hapo ndipo nikaliona jambo ambalo macho yangu hayajaacha kuliona. Mwenyekiti hakusimama. Hakuuliza yuko wapi. Alinyoosha mkono taratibu, kidole gumba kinang'aa mafuta ya kuku, akazungusha kile kitufe cha juu mpaka kwenye chaneli yetu. Tk, tk. Halafu akanitazama machoni akasema:

"Mbona sisi hatujasikia kitu?"

Wale wengine watatu wakatazama kuku.

Niliinyakua ile redio. Ilikuwa inateleza kwa mafuta. Mle ndani ilikuwa inasema chwaaa. Nikatoka nayo nje, nikapanda juu ya rundo la matofali lililokuwa uani, nikaiinua juu ya kichwa. Chwaaa. Nikageukia upande wa mlima. Na hapo, katikati ya ule mchakacho, vipande vipande, ikaja sauti ya mdogo wa mume wangu.

"...mwenyekiti... maji... mwenye..."

Nilibonyeza nikapiga kelele kwamba tunakuja. Sijui kama alisikia. Hakujibu tena, betri ilikuwa imekwisha.

Tuliondoka watu saba na pikipiki tatu, tukaziacha mahali njia inapoishia, tukaendelea kwa miguu. Jua lilikuwa bado lipo tulipofika kwenye pengo. Tulikuta watu wawili wametangulia: mwanamke mfupi wa makamo, yule aliyenipigia simu, na kaka yake, wamekuja kwa baiskeli kutoka upande wa Mishamo mpaka zilipokwama, kisha wakapanda kwa miguu. Mwanamke alikuwa amepiga magoti anatoa sisimizi kwa ncha za vidole, mmoja mmoja, kwenye jeraha. Alikuwa amemwagia maji usoni, na shemeji alikuwa hai, macho yamefumba kwa uvimbe wa nyuki.

Nilisema nitaeleza harufu. Asali iliyokaa juani tangu asubuhi, majana yaliyopondeka yameanza kuchacha, damu, mkojo, na moshi wa kienge cha kufukuzia nyuki kilichozimika. Vyote kwa pamoja, vitamu. Utamu ndio uliokuwa mbaya. Niliinama kumsaidia yule mama, sisimizi wakanipanda mikononi, nikainuka nikaenda kutapika nyuma ya mti. Nikarudi. Nikatapika tena. Yule mama hakunitazama, aliendelea na kazi. Asali sikuiweka mdomoni mwaka mzima, mimi katibu wa wafugaji nyuki.

Tulimbeba kwa machela ya fito na blanketi, tukateremkia upande wa Mishamo kwa kuwa barabara ilikuwa karibu zaidi, na gari la mazao likamfikisha Mpanda hospitali. Mguu haukukatwa. Ulipona mfupi, na kisigino hakigusi chini sawasawa. Kupanda mti ndiyo basi.

Alipokuwa bado amelazwa nilichukua kuku jike nikaenda Mishamo kumshukuru yule mama. Nilimkuta shambani, juu ya dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mazao. Mahindi yalikuwa yanakaukia shambani na nyani hawakuwa na aibu. Redio yake alikuwa ameifunga kwa mpira kwenye nguzo ya dungu, juu kabisa, antena wima. Mwanawe alinunua mbili ili wapashane habari nyani wakibadilisha upande.

"Amahoro, mama. Panda," alisema. "Mgonjwa anaendeleaje?"

Nilipanda. Kutoka pale juu niliuona mlima wetu kwa mgongo wake, na pengo, wazi kabisa, hakuna kitu katikati isipokuwa hewa. Nikaelewa kitu kabla hajasema. Shemeji alikuwa mbali zaidi na huyu mama kuliko na mwenyekiti.

Nikamwuliza alimsikia saa ngapi. Akang'oa ganda la fito ya dungu, akalitupa.

"Nisikudanganye. Nilimsikia asubuhi. Sauti za watu wenu nazisikia kila siku, nikadhani ni majangili. Nilisikia mwanaume analia, nikasema ni mtego. Nikazima. Nikawasha tena. Saa sita akaanza kumtaja mama yake, ndiyo nikasema huyu si jangili, nikamjibu, kisha nikakupigia wewe mpaka ulipopatikana saa nane. Asubuhi yote nimeipoteza mimi."

Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga. Nilimwambia ukweli, kwamba aliyepoteza asubuhi ile si yeye.

Ndiye aliyenifundisha nilichokijua kwanza kuhusu redio, kwa maneno ya kawaida tu, huku akiwapigia nyani kelele. Usiongee umekaa, simama. Ukiwa na kichuguu, panda kichuguu. Antena iangalie mbingu, usiilaze kama simu. Usiifiche kwenye mwili, mwili wenyewe unakula sauti. Ndani ya bati usijisumbue. Ukibonyeza, subiri pumzi moja ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linakatika, na neno la kwanza ndilo lililo muhimu. Betri ya akiba ikae karibu na mwili penye ukavu. "Na mlima," alisema, "usibishane nao. Tafuta mtu wa kusimama juu yake."

Niliporudi nilipita mjini Mpanda kwa fundi. Nilikuwa na antena ya mwenyekiti. Alikuwa amejinunulia ndefu kuliko zetu, urefu wa mkono, akijivunia kwamba hiyo inafika Kigoma. Siku ile ya matofali niliondoka na redio yake na sijairudisha. Nikamwambia fundi aipasue. Alichana mpira kwa wembe kutoka juu. Sehemu kubwa ilikuwa tupu, plastiki na gundi ya njano. Chini kabisa ndipo ulipokuwa waya, mfupi kuliko kidole changu cha kati.

Fundi akacheka. "Hii ni ya urembo, mama. Afadhali ile fupi iliyokuja nayo."

Kikao kiliitishwa shemeji aliporudi nyumbani. Nilidhani mwenyekiti ataomba radhi, angalau kwa mdomo. Alisimama na koti lake, akatoa pole kwa niaba ya uongozi, kisha akasema:

"Ndugu zangu, tusitafute mchawi. Katibu mwenyewe amefanya utafiti, amekwenda mpaka Mishamo, amesema mlima unazuia. Sasa kama mlima unazuia, hata ningekuwa nimeshika redio sikioni kuanzia alfajiri, ningesikia nini? Hii ni kazi ya Mungu."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilijisikia kama mtu aliyechukuliwa nguo yake kwenye kamba ya kuanikia, akaiona imevaliwa na mwizi. Kila nilichojifunza kwa ajili ya yule mgonjwa, huyu bwana alikuwa anajifunikia nacho.

Nikasimama. "Mwenyekiti, tupime."

"Tupime nini?"

"Aende mtu kwenye ule mninga, na redio na saa. Wengine wabaki sebuleni kwako. Wengine uani kwako, juu ya matofali. Kila mtu aandike alichosikia. Kama mlima umezuia, mimi nitakuomba radhi mbele ya wote."

Hakuweza kukataa mbele za watu. Kesho yake nilikwenda mimi mwenyewe na yule mwenzake shemeji. Chini ya mninga masega yalikuwa yamekauka meusi, na sisimizi walikuwa bado wapo. Nikabana pua, nikasimama palepale, nikabonyeza, nikahesabu moja mpaka ishirini. Kisha nikakaa chini kama alivyolala yeye, nikahesabu tena. Kisha nikapanda kichuguu kilichokuwa hatua chache, mara ya tatu.

Tuliporudi, daftari zililetwa. Sebuleni: hakuna kitu, mara zote tatu. Juu ya matofali: nilipokaa chini walisikia namba tano sita zilizokatika, niliposimama walisikia zaidi ya nusu, na nilipopanda kichuguu walisikia zote ishirini, na mmoja aliandika kwamba alinisikia nikikohoa.

Nilisoma kwa sauti. Nikasema, "Kwa hiyo angesikika. Vipande, lakini angesikika. Kama redio ingekuwa nje ya bati, kwenye chaneli yetu, asubuhi ile."

Nilikuwa natazama uso wa mwenyekiti, nikitafuta japo aibu. Alikuwa anachokoa meno. Mzee mmoja mwanachama akasema basi, mama, umesikika, tusivunje kikundi, mwenyekiti ndiye aliyetuletea mradi. Mama mmoja ambaye mumewe alikuwa miongoni mwa wale watatu wa sebuleni akasema mimi nina uchungu wa ujane. Wakapiga kura ya mikono. Mwenyekiti akaendelea kuwa mwenyekiti. Nilichopata mimi ni kwamba kituo kihame kwake, na watu warudi kwenda wawili wawili. Hayo mawili walikubali kwa haraka, kama mtu anavyomtupia mbwa mfupa ili anyamaze.

Kituo tulikiweka kwenye kilima cha mawe nyuma ya shule, wanawake wawili kwa zamu, asubuhi na jioni kwa saa maalumu, na redio inabaki wazi mchana kutwa. Fundi wa Mpanda alitutengenezea antena ya waya wa shaba, tukaifunga kwenye ncha ya mwanzi mrefu kuliko nyumba, waya mnene ukashuka mpaka kwenye redio. Sola ndogo inachaji betri. Kwenye pengo la mlima, wawili wawili wakipita, mtu wa tatu anabaki pale juu kidogo kupokea maneno ya walio nyuma na kuyarusha kwetu. Sasa tunawapata watu ambao zamani tulikuwa tunawahesabu tu siku. Wiki iliyopita mmoja aliniuliza kutoka nyuma ya mlima kama mkewe ameshajifungua, nikamwambia ni wa kike, nikasikia wanaume wawili wanapiga mbinja msituni.

Siku wageni wa mradi walipokuja kukagua, mwenyekiti aliwapandisha kilimani. Akashika redio, akasema "moja mbili", akajibiwa kutoka pengoni. Akawaeleza wageni kwamba baada ya ajali ya kusikitisha uongozi ulibuni mfumo huu. Alisema neno "mfumo" mara nyingi. Wageni walimpigia makofi na kumpiga picha chini ya mwanzi niliouchagua mimi, ukakatwa na yule mwenzake shemeji. Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake, na ile harufu tamu ilinirudia waziwazi, mpaka nikatazama viatu vyangu nione kama nimekanyaga kitu.

Baadaye mwenyekiti alimpelekea shemeji mbuzi. Hakumpelekea na neno lolote, alimtuma mtu amfunge uani akaondoka. Mimi nilisema arudishwe saa ileile. Shemeji aliinuka na fimbo yake, akamzunguka yule mbuzi, akampapasa mgongo kuona unene.

"Shemeji, utamla huyu?" nilimwuliza. "Huoni mwenyekiti anaulipia mguu wako?"

"Namwona."

"Na utamla?"

"Mbuzi hana kosa, shemeji."

Alichinjwa Jumapili. Walikuja ndugu, alikuja mwenzake wa msituni, hata yule mama wa Mishamo alikuja na kaka yake kwa baiskeli, wakakaa uani wakala wakacheka. Shemeji alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu aanguke, anawachagulia watu mbavu. Nilifurahi kumwona hivyo, na papo hapo nilichukia kwamba amefurahi kwa bei rahisi namna ile, na nilijichukia kwa kuchukia. Wakanipa nyama, nikawaachia watoto. Mimi siku hiyo nilikula ugali wa muhogo na majani ya maharage.